Mwenzako Akikaa Kwenye Benchi Lako: Mwongozo wa Kuendesha Tathmini Rika Katika Ofisi ya Umma

Kwenye dirisha la leseni ninalolikumbuka palikuwa na karatasi imebandikwa kwa selotepu, imeshaanza kuwa ya njano: LETE KOPI MBILI ZA KILA KIAMBATISHO. Ng'ambo ya barabara palikuwa na kibanda cha steshenari, kopi moja shilingi mia. Mwenzetu mmoja, afisa biashara wa halmashauri nyingine ya hapahapa Dar, alikaa kwenye benchi la wateja tangu saa moja na nusu asubuhi akihesabu wanaovuka barabara. Hadi saa nne walikuwa 14. Akasogea dirishani.

"Samahani dada, hizi kopi za pili mnazipeleka wapi?"

"Kwenye faili, kaka."

"Faili lipi?"

Dada akafikiri, kisha akafungua kabati. Zilikuwemo, marundo kwa marundo, zimefungwa kwa kamba ya katani, na vumbi lake lilionyesha hakuna aliyewahi kuzifungua. Maombi yalikuwa yameshahamia kwenye TAUSI, mfumo wa mtandaoni wa halmashauri, na viambatisho vinapakiwa humo. Zama za faili la karatasi zilipita, ila ile karatasi ya ukutani haikuambiwa.

Mkaguzi asingeliona hilo, kwa sababu yeye angeuliza kama kopi zipo, na kweli zipo. Bosi naye asingeliona, maana bosi haingii kwa mlango wa wateja. Aliliona mtu anayefanya kazi ileile kwao, anayejua leseni inahitaji nini na haihitaji nini. Hiyo ndiyo tathmini rika: watu wa kazi kama yako, kutoka ofisi nyingine, uliowaalika mwenyewe, wanakuja kuangalia unavyohudumia watu na kukuambia walichokiona. (Wengine huiita tathmini ya wenza. Mimi nimeacha, kila nikilitamka kikaoni kuna mtu anauliza kama mkewe naye anatakiwa kuja.)

Jambo lenyewe si geni kwetu. Nchi za Afrika zilianzisha mpango wa kutathminiana kiutawala, APRM, mwaka 2003, na Tanzania ikajiunga mwaka 2004. Uingereza, jumuiya ya serikali za mitaa iitwayo Local Government Association hutuma timu ya madiwani na maofisa wa halmashauri nyingine wakae siku chache kwa mwenzao, waandike walichokiona, na baadaye warudi kuangalia kilichobadilika. Huku chini kwetu, kwenye dirisha, zahanati na ofisi ya mtendaji wa kata, ndiko tunakokosa desturi hiyo. Na Dar tuna bahati ambayo mikoa mingi haina. Halmashauri tano, yaani Jiji (iliyokuwa Ilala hadi 2021), Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni, zinahudumia watu 5,383,728 kwa hesabu ya sensa ya 2022, kwa sheria zilezile na mifumo ileile, na kutoka moja kwenda nyingine ni nauli ya daladala. Hakuna anayelala safarini, kwa hiyo hakuna posho ya kujikimu. Kwa anayejua jinsi mipango mizuri inavyofia kwenye fungu la posho, hilo si dogo.

Hatua ya kwanza: itenganishe na ukaguzi

Kabla hujaandika barua yoyote, amua na utamke kwamba hii si ukaguzi. Tunao mkaguzi wa ndani, tunaye CAG, yaani mkaguzi mkuu wa hesabu za serikali, tuna mfumo wa PEPMIS iliyochukua nafasi ya OPRAS kupima mtumishi mmoja mmoja. Vyote hivyo vina kazi yake. Mtumishi akihisi tu kwamba alichowaambia wageni kitaingia kwenye alama zake za mwaka, atafanya ambalo wewe na mimi tungefanya: atasema kila kitu kiko sawa.

Kwa sababu hiyohiyo, usitoe alama. Tangu 2015/16 vituo vya afya vya msingi nchini vimewahi kupimwa kwa nyota, kuanzia sifuri hadi tano, na zoezi lile lilifumbua macho wengi. Lakini ukishaweka nyota mezani, mazungumzo yote yanakuwa ya nyota. Kwenye tathmini rika unataka mtu aseme, "Hapa panatushinda," na hakuna anayesema hivyo mbele ya mtu mwenye kadi ya alama.

Kuna swali moja gumu ambalo lazima lijibiwe mapema, tena kwa maandishi: wageni wakiona rushwa wafanye nini? Jibu langu ni kwamba tathmini inasitishwa pale pale, na jambo linapelekwa kwa mkuu wa taasisi au TAKUKURU. Tathmini rika si upelelezi, lakini pia si mwavuli wa kumfichia mtu.

Hatua ya pili: swali moja tu

Hapa ndipo nimeona juhudi nyingi zikizama. Mkuu wa idara anaandika, "Waje watathmini utoaji wa huduma." Huduma ipi? Timu inakuja, inatazama paa, choo, mahudhurio, lugha ya mapokezi na mtandao, kisha inaandika kurasa 30 zenye mapendekezo 46. Hakuna ofisi duniani inayotekeleza mapendekezo 46.

Swali zuri linaingia kwenye sentensi moja na lina mteja ndani yake. Kwa mfano: kwa nini mwenye duka anayeomba leseni ya Kundi B, ile inayotolewa na halmashauri, anarudi hapa zaidi ya mara moja? Au: mama anayeleta mtoto kliniki siku ya Jumatatu anakaa muda gani kabla ya kuonwa, na muda huo unaliwa wapi? Au: mtu akifuata barua ya utambulisho serikali ya mtaa akamkosa mwenyekiti, anafanyaje? Kila moja linakuonyesha mahali pa kukaa na kitu cha kuhesabu.

Ukishindwa kuchagua, kaulize getini. Mlinzi anajua malalamiko yote ya ofisi yako kwa mpangilio wa ukubwa.

Hatua ya tatu: nani aje

Watu wanne wanatosha. Watano ni wengi, wataanza kuzungumza wao kwa wao. Wawili wawe wanaofanya kazi yenyewe kwao kila siku: karani wa dirisha, muuguzi wa mapokezi, mhudumu wa masijala. Mmoja awe kiongozi wa kitengo, ili akikaa na mkuu wako wazungumze lugha moja. Wa nne atoke fani tofauti kabisa. Tuliwahi kumpeleka muuguzi kwenye ofisi ya ardhi, akauliza swali ambalo hakuna afisa ardhi angeliuliza: "Kwa nini mtu mwenye swali la dakika moja anapanga foleni moja na mwenye kesi ya miaka kumi?" Kwao zahanati wagonjwa huchambuliwa mlangoni, huyu wa haraka, huyu anaweza kusubiri. Kwa watu wa ardhi lilikuwa jambo jipya.

Kanuni moja usiivunje: msitathminiane wawili kwa wawili. Wewe ukija kwangu leo na mimi nikaja kwako mwezi ujao, tutalindana. Nipe nikupe. Zungusheni: Temeke waende Kigamboni, Kigamboni waende Ubungo, Ubungo waende Kinondoni, Kinondoni waende Jiji, Jiji warudi Temeke. Hakuna anayemdai wala kumwogopa aliyemtathmini.

Na cheo. Sisi ni watu wa "Mheshimiwa" na "Shikamoo mkuu", na hilo halitaondoka kwa semina. Karani wa miaka 24 hatasema neno mbele ya mkurugenzi wa halmashauri nyingine. Ndiyo maana nasema wanaofanya kazi ya dirisha waende kuzungumza na wa dirishani, peke yao, mlango umefungwa, na kiongozi wa timu abaki na viongozi wenzake.

Hatua ya nne: karatasi moja ya makubaliano

Hadidu za rejea zisizidi ukurasa mmoja. Ziseme swali ni lipi, wageni ni nani, watakaa siku ngapi (mbili zinatosha kwa dirisha moja), nani atapokea ripoti na nani hatapokea. Ziseme pia kwamba hakuna jina la mtumishi wala la mteja litakaloandikwa. Hili la majina lina sheria nyuma yake: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Picha ya foleni yenye nyuso za watu, au rejista ya wagonjwa iliyopigwa kwa simu "kwa ajili ya ripoti", ikivuja kwenye kundi la WhatsApp una kesi mkononi. Piga picha ukuta, benchi, tangazo. Watu waache.

Wakurugenzi wote wawili wasaini. Nauli na chakula cha mchana viwe juu ya ofisi inayotuma wageni. Mwenyeji akishawalisha pilau, mrejesho unalainika.

Hatua ya tano: mwenyeji ajitazame kwanza

Wiki mbili kabla, ofisi inayotembelewa iandike kurasa mbili: tunahudumia watu wangapi kwa siku, mkataba wa huduma kwa mteja unaahidi siku ngapi, hali halisi ni siku ngapi, sisi wenyewe tunadhani tatizo liko wapi. Tumieni takwimu zilizopo kwenye mfumo, kwenye MTUHA (mfumo wa taarifa za afya) kama ni kituo cha afya, au kwenye daftari la malalamiko. Msianze kutengeneza takwimu mpya. Daftari la malalamiko likiwa tupu, andikeni kwamba ni tupu, maana hiyo nayo ni taarifa.

Hatua ya sita: siku ya benchi

Ofisi za serikali zinafungua saa moja na nusu. Wageni wawe wamekaa kabla ya hapo, na kwa anayetoka Kigamboni, awe anapitia kivukoni au Daraja la Nyerere, maana yake ni kuamka saa kumi. Hakuna kikao cha ufunguzi asubuhi hiyo. Narudia: hakuna kikao cha ufunguzi. Ukiweka itifaki na utambulisho, utakaa ofisi ya bosi hadi saa nne, na foleni uliyokuja kuiona itakuwa imeshaisha. Salamu za viongozi zifanyike jana yake, au kwa simu.

Nasema hivi kwa kuumia. Mara yangu ya kwanza tuliandika barua yenye tarehe kamili. Tulipofika ofisi hiyo, ambayo siitaji, ukuta wa mapokezi ulikuwa bado unanuka rangi, kulikuwa na madirisha matatu wazi ambayo siku zote huwa moja, na kila mteja aliitwa "karibu sana mama". Bibi mmoja jirani yangu akaninong'oneza, "Leo anakuja waziri?" Tuliandika ripoti nzuri sana ya siku ambayo haikuwahi kutokea tena. Siku hizi tunataja wiki, siku hatuitaji.

Kaa benchini, chukua daftari, chora safu tano: saa aliyofika, saa aliyoitwa, alitumwa wapi, saa aliyoondoka, ameondoka na nini. Fuatilia wateja 20, si lazima zaidi. Tuseme mmoja amefika saa 2:10, akaitwa saa 3:25. Dirishani dakika sita, akaambiwa kopi hazitoshi. Dakika 15 kuvuka barabara na kurudi, dakika 40 foleni tena, dakika tano za mwisho, ameondoka saa 4:31. Huyu ametumia saa mbili na dakika 21, na kazi yenyewe ni dakika 11. Ukimwonyesha mkuu wa kitengo hesabu hiyo ya mtu mmoja, hataomba tena kuongezewa watumishi kabla hajalitazama lile tangazo la kopi.

Safu ya mwisho, ya ameondoka na nini, ndiyo yenye utajiri. Wafuate nje wanaoondoka mikono mitupu. Uliza polepole, ukijitambulisha: "Samahani mzee, umefanikiwa?" Wengi wanakata tamaa na lugha kuliko na sheria. "Njoo kesho" ni jibu, lakini kesho saa ngapi, kwa nani, na nini? "Mfumo umegoma" ni kweli mara nyingi, ila kuna ofisi ambapo mfumo ukigoma karani anaandika namba ya simu ya mteja kwenye daftari na kumpigia ukirudi, na kuna ofisi ambapo watu 30 wanarudishwa Mbagala na Bunju bila neno. Mfumo ni uleule.

Zungumza na mama lishe wa nje, na yule kijana wa steshenari. Wanaokula kutokana na ugumu wa ofisi ndio wanaoujua vizuri.

Mchana, foleni ikipungua, fuata faili moja au ombi moja tangu linapoingia hadi linapotoka. Usiulize utaratibu ukoje. Sema, "Nionyeshe la jana." Utaratibu kila mtu ameukariri. Ombi la jana ndilo lililokaa siku nne likisubiri saini ya mtu aliye semina. Kama ofisi imewahi kufundishwa zile S tano za kupanga mahali pa kazi, sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia, zitumie kama lugha ya mazungumzo, ila angalia sana ya tano. Nne za kwanza hufanywa wikiendi moja, na ni ya tano inayokuambia kama kuna mtu alikuwa anasimamia.

Hatua ya saba: jioni ya safu tatu

Timu ikae peke yake kabla kumbukumbu haijapoa. Chukueni karatasi kubwa, safu tatu: TUMEONA, TUMEAMBIWA, TUNADHANI. Kila jambo liingie sehemu moja tu. "Watu 14 walivuka barabara kutoa kopi" ni tumeona. "Kopi za pili aliziagiza mkaguzi zamani" ni tumeambiwa. "Karani anaogopa kubadilisha kitu bila barua" ni tunadhani, na hilo la mwisho halitoki nje ya chumba mpaka muwe mmeliuliza. Ugomvi karibu wote niliowahi kuushuhudia kwenye mrejesho ulitokana na dhana iliyovaa nguo za ushahidi.

Kisha chagueni mambo matatu. Yawe matatu hata kama mmeona 20.

Hatua ya nane: kusema

Asubuhi ya pili waambieni watumishi wa dirisha kwanza, bosi baadaye. Wakisikia kwa bosi, mmekuwa wapelelezi. Anzeni na kitu mtakachokiiba kwao, na kiwe cha kweli. Kila ofisi ina kimoja, hata kama ni vile vinamba vya foleni walivyovikata kwenye boksi la karatasi.

Maneno yana uzito. "Mnachelewesha watu" inafunga masikio. "Kuanzia saa moja na nusu hadi saa nne tumeona watu 14 wakienda kutoa kopi. Kwetu tuliacha, na hatukupata tatizo. Ninyi mnazihitaji kwa lipi?" inamwacha mtu na nafasi ya kujibu, na huenda ana jibu ambalo hukulijua. Utani nao una kazi yake. Mnyamwezi anaweza kumwambia Mzaramo jambo ambalo barua rasmi isingethubutu, wakacheka, na ujumbe ukafika. Ila utani ubaki kinywani. Ukiandikwa kwenye ripoti unageuka tusi.

Ripoti yenyewe iwe kurasa tatu au nne, ndani ya wiki mbili. Mwenyeji aisome kwanza na kusahihisha ukweli wa mambo. Maoni yenu hana mamlaka ya kuyafuta.

Hatua ya tisa: mpango wa mwenyeji

Hapa wageni wanyamaze. Mpango ni wa mwenyeji. Mimi hushauri waugawe kwa mikono badala ya muda: yaliyo ndani ya mkono wa karani (kubandua tangazo), yaliyo ndani ya mkono wa mkuu wa kitengo (nani asaini mwenye saini akisafiri), na yanayohitaji mkono wa juu, kama TAMISEMI kubadilisha kitu kwenye mfumo. La kwanza lifanyike wiki hiyohiyo. Ofisi ikiona kitu kimoja kimebadilika Ijumaa, itayaamini mawili yaliyobaki. Kila jambo liwe na cheo cha mhusika na tarehe. "Menejimenti" si cheo cha mtu.

Hatua ya kumi: kurudi

Baada ya miezi mitatu warudi wawili kati ya wanne, wakae benchi lilelile, na daftari lenye safu zilezile, wateja 20. Bila hatua hii, yote ya juu yalikuwa ni matembezi. Barua ya kurudi isainiwe siku moja na ile ya kwanza, vinginevyo bajeti na uhamisho vitaimeza.

Tuliporudi kwenye lile dirisha la leseni, karatasi ya njano ilikuwa imetoka ukutani, ikabaki alama ya selotepu. Kwa wale wateja 20 tuliowafuatilia, wawili tu walivuka barabara, na wote wawili walikuwa wamesahau mkataba wa pango. Foleni ya kusubiri saini haikuwa imesogea hata kidogo, tukaandika hivyo. Wakati tunatoka, kijana wa steshenari akatuita kutoka kibandani kwake.

"Kaka, si ninyi mliokuja na madaftari siku ile?"

Tukasema ndiyo.

"Mmeniharibia," akasema, na akamwuzia mwenzangu kalamu kwa bei ya juu.